Betri Mpya Zina Haraka

Siku Asya alipotuletea betri mpya, sote tuliona wazi kwamba zilikuwa mbovu.

Tulizitia kwenye redio ya kaseti, tukabonyeza, na mwimbaji wetu, ambaye tulimjua kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa kama ng'ombe anayewaza, akatoka mbio. Aliimba kama mtu anayefukuzwa na nyuki huku ameshikilia suruali. Gitaa, lililozoea kupanda polepole kama moshi wa pipa la Mama Domitille, likawa linarukaruka kama panzi. Mimi na Bienfait tulikuwa kwenye mashine ya mawese tukisukuma boriti, kila mmoja ncha yake, na miguu yetu, iliyokwisha kuzoea kufuata muziki bila kutuomba ruhusa, ikaanza kukimbia. Boriti ikazunguka kwa kasi hata Mama Domitille, aliyekuwa akimimina chikichi za moto ndani ya mashine, akaruka nyuma na ndoo yake.

"Yampayinka! Vita imeshindwa kuniua, nyinyi ndio mutaweza?"

Tonton Hubert, mwenye mashine, akatoka kwenye kivuli, kijiti cha meno bado kiko mdomoni. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Kwa hiyo alikuwa tonton wa wote.

"Betri gani hiyo?"

"Mpya, Tonton," Asya akasema. "Baba amezitoa kwenye kartoni asubuhi hii."

Tonton akatikisa kichwa kama muganga aliyekwisha kuona ugonjwa wenyewe mara nyingi. "Ndiyo hivyo. Betri mpya iko na haraka. Itaniulia watu. Rudisha zile za zamani."

Hakuna aliyecheka. Asya alizitoa zile mpya, akazifuta kwa ncha ya mtandio wake, akazifunga vizuri zirudi dukani, mtu mwingine akauziwe ule ubovu. Mimi nikachukua zile za zamani, zilizokuwa zikiota jua juu ya bati tangu jana. Nikaziuma kidogo makalioni, kama ilivyo desturi, ili zitoe kilichobaki, nikazirudisha. Mwimbaji akajikohoza, akayumba, akashuka taratibu hadi kwenye sauti yake. Boriti ikapunguza mwendo. Mawese yakaanza kutiririka mekundu kwenye mfereji, na Bienfait, upande wa pili wa mashine, akashusha pumzi.

"Sasa amefika nyumbani," akasema.

*

Inabidi niwaeleze wale waliokulia penye umeme. Huo ulikuwa wakati wa embargo, majirani wametufungia mipaka na biashara, vita ikiwa imekwisha kuzeeka kiasi cha kupewa majina ya utani. Barabara ya kwenda Bujumbura ilikuwa inakula watu. Gari likitoka kwetu Rumonge, watu wa Minago waliliombea, na wa Muhuta walilipokea kama mtoto mchanga. Petroli ilikuja kwa mitumbwi, sukari ilikuja kwa mitumbwi, betri vilevile, kutoka Kigoma, chini ya magunia ya vitu vingine. Shule yetu ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nimefika darasa la kumi, nikijua kuchora umbo la sayari zote na kutojua kulima hata mstari mmoja wa mihogo, ndipo mama akanipeleka kwa Tonton Hubert na kumwambia: "Mupe kazi ya kuzunguka. Kusema anajua tayari."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kuzunguka. Mashine ya mawese ni pipa la chuma lenye mhimili wa meno ndani yake. Juu ya mhimili imefungwa boriti ndefu, watu wawili wanaisukuma, na chikichi zilizochemshwa zinapondeka. Mwenzako yuko ncha ya pili. Unamfuata kutwa nzima wala humkamati, naye anakufuata wewe. Mukitaka kuongea, munaongea kwa kupaza sauti juu ya pipa, na kwa kuwa munazunguka, hakuna anayeweza kuondoka akiwa amekasirika.

Bienfait Lukeba alikuwa ametoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, vita ya huko ilipomtupa kwenye vita ya huku. Alikuwa amenizidi miaka michache na mabega yote mawili. Asubuhi zenye hewa safi, milima ya kwao ilionekana wazi, ya buluu, karibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mikunjo yake. Kila mara boriti ilipomgeuza upande wa ziwa, aliitazama. Ilipomgeuza tena, aliitazama tena.

Na Asya alikuwa binti wa Mzee Majid, mwenye duka, aliyenunua mawese yetu. Baba wa babu yake alikuja kutoka Oman akaziona ndagala, wale dagaa wa Rumonge, na hadithi ya kusafiri ikaishia hapo. Asya alitumwa asimame karibu na mashine, bidoni za baba yake zisijazwe maji chini na mafuta juu. Ili asichoke, alikuja na redio, na kaseti mbili alizoachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akipima kina cha ziwa, akinywa chai kwa Mzee Majid kila alasiri, hadi siku mapinduzi yalipomfanya akumbuke kwao.

Kaseti zote mbili zilikuwa za kundi moja: Les Orphelins de Saturne. Sisi tukawaita Mayatima. Walikuwa Wabelgiji au Waswisi, jambo hilo lenyewe lilitumalizia wiki nzima. Walipiga rock ya angani. Wimbo mmoja ulikula upande mzima wa kaseti, na ndani yake kulikuwa na upepo usiokuwa na mahali unapotoka, vinanda vilivyolia kama nyangumi (sikuwahi kumwona nyangumi, lakini nilikuwa na hakika), na yule mwimbaji, akitaja nyota kama mtu anayetaja ndugu zake waliokufa.

Kaseti yenye jalada la buluu, tuliyoiita Bleue, ilisimulia chombo kinachoiacha dunia, hadi dunia inakuwa ndogo kama chikichi, kisha kama punje ya mtama, kisha kumbukumbu. Ile nyekundu, Rouge, ilikuwa ya mtu mmoja aliyebaki peke yake huko juu. Amepoteza njia ya kushuka. Anazunguka, na kila mzunguko anaona kwao kunapita chini yake, anaona hata mto, na hawezi kushuka.

Mimi nilikuwa mtu wa Bleue. Bienfait alikuwa mtu wa Rouge. Mungetaka nini tena ili tubishane?

"Bleue yako ni muziki ya batoto," alipaza sauti kutoka upande wake. "Mutu anatoka kwao anaimba? Anaimba nini? Hajatoka bado huyo. Akitoka kweli, atanyamaza."

"Na Rouge yako ni mtu anayezunguka tu! Kuzunguka nalipwa hapa, nikasikilize tena kuzunguka?"

"Lakini unaona vile gitaa inashuka, inataka kufika chini, haifiki?"

"Mlevi naye hafiki."

Mama Domitille, akichochea moto chini ya pipa la kuchemshia, alisema kaseti nzuri ni ile itakayokwisha chikichi zikiwa zimepondeka. Asya yeye hakusema upande wake. Alikaa juu ya bidoni iliyopinduliwa, kidevu mkononi, akitusikiliza kama hakimu ambaye hana haraka ya kurudi nyumbani. Nilipomchekesha, alificha meno kwa mtandio. Nilijifunza kupanga matani yangu ili yaangukie pale boriti iliponileta mbele yake. Utani ambao ningeusema upande wa jiko, niliubeba nusu mzunguko mzima mdomoni, kama yai.

*

Siku moja alikuja na redio lakini hakuiwasha.

"Baba amepata nafasi kwenye boti ya Kigoma," akasema. "Tunahama wote."

Boriti ilisimama. Sijui ni nani kati yetu aliyeisimamisha. Ndugu yake Mzee Majid alikuwa amepigwa risasi barabarani mwezi ule, akitoka Bujumbura na mzigo, na tangu mazishi yule mzee alikuwa akifunga duka mchana.

Asya akazitoa zile kaseti, akaziweka juu ya magoti yake, Bleue goti hili, Rouge goti lile.

"Nitawaachia moja pamoja na redio. Kigoma kwa baba mdogo iko redio nyingine. Moja nitakwenda nayo. Ile mutakayosema ndiyo bora, ibaki kwenu. Lakini mukubaliane nyinyi wawili. Sitaki kuacha ugomvi nyuma yangu, ugomvi uko mwingi Rumonge." Kisha akatabasamu kidogo, akiniangalia mimi. "Siondoki mpaka mukubaliane."

Alisema kwa mzaha. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa mzaha pale, ningepaswa kuutambua kwa harufu. Lakini nililikamata lile neno la mwisho kama mtu anayezama anavyokamata ukingo wa mtumbwi wa watu wengine.

Tulibishana siku zile kama hatujawahi kubishana. Bienfait alileta hoja za machozi, mimi nikaleta hoja za shule. Nilimwambia kwamba kwa sheria za fizikia yule mtu wa Rouge angekwisha kuanguka zamani. Akaniambia fizikia haijawahi kukaa Rumonge ikitazama Baraka. Nikaliimba hilo neno lake kwa sauti ya mbuzi.

Kisha akafanya jambo la hatari: akawa mwema.

"Basi, Élysée," akasema asubuhi moja, boriti ikizunguka polepole. "Nimekubali. Bleue. Mutoto anaondoka, tumuache na amani. Bleue njo bora."

Asya akanyanyua kichwa. Mkono wake tayari ulikuwa umeigusa ile ya buluu.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Nimefikiri. Ulikuwa na haki, kaka. Ni Rouge."

Bienfait alisimama ghafla hata boriti ikanigonga kifuani. Alinitazama juu ya pipa kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Siku ya pili, baada ya kuwaza usiku kucha, akaniambia vizuri, hata yeye moyoni anajua ni Rouge, tumalize. Nikamwambia kwamba nami nimeota, na ndotoni nimesikia ule upande wa pili wa Bleue, pale vinanda vinapoingia, na haiwezekani binadamu mwenye masikio akachagua kingine.

"Lakini jana..."

"Jana nilikuwa mjinga."

Mama Domitille hakuinua macho kutoka kwenye moto wake. "Muache, Bienfait," akasema. "Huyu mutoto habishani na wewe. Anabishana na boti."

Na boti, lazima niseme, ilikuwa ikishindwa. Kwanza ilikosa mafuta. Kisha wanajeshi wakafunga bandari. Kisha ziwa likachafuka, mawimbi yakapanda hadi kwenye vibanda vya ndagala. Kila nilipobadili upande, safari iliahirishwa. Nilitembea mjini nikijiona mkubwa kuliko jeshi la nchi. Nilipita mbele ya duka la Mzee Majid, nikaona vitanda vimefungwa kamba tayari, na nikasema moyoni: fungeni tu, fungueni tu, mimi kesho ni mtu wa Rouge.

*

Alasiri moja Bienfait alikwenda kuoga ziwani, Tonton amesinzia, na Asya akanikuta nikigeuza betri juu ya bati, upande ulioiva chini, upande mbichi juu.

"Élysée. Wewe unataka ipi? Kweli."

Kulikuwa na maneno. Nilikuwa nayo, yamepangwa tangu msimu wa mvua. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa mama anayeimba kwaya kanisani, na yeye alikuwa binti wa Mzee Majid, na kulikuwa na vita, na mdomo wangu ulikuwa umezoea njia moja tu ya kutokea.

"Nataka ya tatu."

"Ya tatu haiko. Walitoa mbili tu."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka."

Alicheka bila kuficha meno. Kicheko kikaisha. Akachukua betri moja moto kutoka kwenye bati, akaihamisha mkono hadi mkono ikipoa.

"Mukikubaliana, baba hatajua," akasema polepole. "Musipokubaliana, baba hatajua vilevile, na boti itaondoka tu. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Akairudisha betri mahali pake, akaigeuza vizuri upande wa jua.

"Basi endelea," akasema.

*

Boti iliondoka asubuhi ambayo ziwa lilikuwa limelala kama mawese kwenye sinia. Ilibeba mapipa, magodoro, kuku, na familia zaidi ya moja. Mzee Majid alisimama mbele amevaa kanzu, hatazami nyuma, funguo za duka tupu mkononi. Asya alikaa juu ya kitanda kilichopinduliwa, redio mapajani. Tuliingia majini hadi magotini, mimi na Bienfait. Mwenye boti alikuwa akivuta kamba ya injini, inakohoa, haiwaki.

"Haya," Asya akasema. "Mumekubaliana?"

Alikuwa ameshika redio kwa mikono miwili, tayari kuishusha. Bienfait alinigeukia. Neno moja tu, lolote kati ya mawili, na tungerudi kwenye mashine na muziki wetu. Aliniomba kwa macho yule mtu mkubwa, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kwao isipokuwa wimbo wa Mzungu anayezunguka. Lakini mtu akishajibiwa swali lake, atarudi kufuata nini?

"Bado," nikasema.

Asya hakushangaa. Akairudisha redio mapajani, akaifunika kwa mtandio, na kaseti zote mbili akazitia kifuani mwa gauni lake.

"Basi mutanitumia jibu."

Injini ikawaka. Tulisimama majini hadi ile boti ilipokuwa ndogo kama chikichi, kisha kama punje ya mtama. Bienfait alitangulia kutoka majini bila kunisubiri. Tulirudi kwenye mashine tukasukuma boriti bila muziki, na mawese yakatoka kama kawaida, maana mafuta hayana habari. Kwenye bati, betri ziliendelea kuota jua. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitoa. Nilizigeuza mimi mwenyewe, kila alasiri, hadi zilipopasuka na kutoa maji meusi.

*

Mashine ilichomwa mwaka uliofuata, watu wenye bunduki waliposhuka kutoka milimani upande wa Kizuka. Tonton Hubert alikwenda Muhuta na kijiti chake. Mimi nilirudi shule, nikamaliza, nikapata kujua hata kile ambacho sikuhitaji.

Nilipofika Bujumbura, nikamtembelea kijana mmoja aliyesoma chuoni, mwenye sidii zilizojaa ukuta mzima. Nikaliona lile jina. Orphelins. Jalada la buluu lenyewe, na lile jekundu pembeni yake. Nikamwomba aiweke. Yule mwimbaji akatoka mbio, na nyuki zake nyuma.

"Mashine yako imeharibika," nikamwambia. "Inakimbia."

Akaijaribu sidii nyingine, ya watu wengine, ikaimba vizuri. Akairudisha ile yetu, ikakimbia. Nilipomsimulia betri zetu za kuota juani, alilala kitandani akacheka hadi akakohoa. Ndiyo mwendo wao, alisema. Walikuwa watu wa furaha, wa kucheza dansi. Nilikaa nikaisikiliza Bleue yote, kisha Rouge yote, kwa adabu, kama unavyokaa na ndugu wa marehemu asiyefanana naye hata kidogo. Yule mtu wa Rouge alizunguka haraka haraka, akionekana kuifurahia safari. Lile gitaa ambalo Bienfait alikuwa akililia halikutaka kushuka popote. Nikashukuru, nikatoka nje kwenye jua la Bujumbura, nikatembea polepole sana hadi nyumbani.

Bienfait sijamwambia hadi leo.

Yeye sasa ana boti. Mwaka huu bunduki zimepungua sauti, na mawese ya Rumonge yanavuka ziwa mchana kweupe. Juma lililopita nilimkuta bandarini akipakia bidoni, mabega yale yale, tumbo jipya.

"Nimemuona," akasema, kabla hata ya salamu ya amahoro. "Ujiji. Iko na duka."

Nikaketi juu ya bidoni. "Mzima?"

"Muzima kabisa. Ameolewa. Bwana yake ni mutu muzuri, alinipatia chai."

"Mungu ambariki na chai yake."

"Lakini iko kitu kimoja, sha. Redio. Ile ile. Iko juu ya kaunta inaimba Mayatima, vile tu tulikuwa tunasikiliza. Polepole. Miguu yangu ikataka kuzunguka mule dukani."

Nilitazama ziwa. Milima ya Baraka ilikuwa wazi.

"Umeme hauko Ujiji?"

"Uko! Taa ya dukani inawaka mchana."

"Labda hauzi betri."

"Eh, Élysée! Kartoni mpaka kwenye dari. Nyuma yake yote ni betri." Akapanga bidoni nyingine, akaisukuma kwa goti. "Na akaniuliza kama tumekubaliana. Nimemuambia nitakuuliza. Sikia, mimi Baraka nimekwisha kwenda mara nyingi, nimeona mama yangu, nimelala kwetu. Ile Rouge kwangu imekwisha. Chukua Bleue yako, tumupe yule mwanamuke jibu. Alhamisi navuka tena."

Alisimama akinisubiri, mkono kiunoni, kama zamani juu ya pipa.

"Nimefikiri sana, kaka," nikasema. "Ni Rouge."

Kicheko kilianzia kwenye tumbo lile jipya, kikapanda taratibu hadi mabegani. Akainama, akafungua kamba ya boti.

"Basi nimuambie bado."

"Mwambie bado."